Njaa ya mwezi wa pili huzuiwa mwezi wa sita: maneno kwa wanaojitolea kwenye ghala la chakula

Wazee wetu, mashehe na viongozi wa makanisa, mheshimiwa mtendaji wa kata, akina mama wa vikoba, vijana wa bodaboda, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii: Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Tupo mwishoni mwa mwezi wa tano. Mahindi yamekauka shambani, muhogo upo ardhini, kunde zimeanikwa. Mtu akipita leo Masasi, Newala, Nachingwea au Ruangwa hataona dalili kubwa za njaa, na wengine wameuliza kwa nini tunaita watu wa kujitolea kwa ajili ya chakula wakati chakula kipo. Tumewaita sasa kwa sababu kipo. Ghala la kusaidia kaya zenye dhiki hujazwa mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Anayekuja mwezi wa pili, hata awe na moyo mzuri namna gani, anakuta mahindi yamepanda bei na watoto wameshapungua uzito. Barabara nayo haina dhamana. Mnakumbuka Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Kilwa pale Somanga, malori ya kuja Lindi na Mtwara yakakwama. Chakula ambacho hakijaingia ghalani kabla ya mvua tusikihesabu kuwa ni chetu.

Kusini kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Unaanza Novemba au Desemba, unakwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mahindi ya mwezi wa sita yanatakiwa yafike mpaka mwezi wa tatu unaofuata, na kwa kaya yenye mikono michache hayafiki. Fedha ya korosho inaingia kati ya Oktoba na Januari, tena kwa mwenye mikorosho. Baada ya hapo inabaki miezi mitatu mizito, wa kwanza, wa pili na wa tatu, mpaka maboga na mahindi mabichi yatokee.

Sasa angalieni kaya isiyo na chakula inafanya nini katika miezi hiyo. Ndiyo miezi ya palizi. Mama anakwenda kibarua kwenye shamba la mwenzake apate kilo mbili za unga wa jioni, na huku shamba lake linaota majani. Mahindi yanataka palizi ya kwanza ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kuota. Yakikosa hapo, hata ukija kuyapalilia vizuri baadaye mavuno yameshapungua. Mwaka unaofuata kaya ile ile inarudi kwenye dhiki ile ile. Na baba naye, kama ana mikorosho kumi, anaifuata kangomba: anapokea fedha kidogo mapema na kuahidi korosho ambazo hata maua hazijatoa, kwa vipimo visivyo halali na kwa bei ambayo angeikataa kama angekuwa ameshiba. Mnada ukifunguliwa Oktoba, zake zimeshauzwa.

Kwa hiyo mahindi tunayotoa mwezi wa kwanza yana kazi mbili. Yanashibisha, na yanamrudisha mama kwenye shamba lake mwenyewe. Ndiyo maana tunasisitiza mgao uanze Januari, wiki ya kwanza au ya pili. Mgao unaoanza Machi unashibisha tu, palizi imeshapita.

Tuanze na hesabu, maana huruma isiyo na hesabu inaishia njiani. Mtu mmoja anayetegemea mgao kwa kila kitu huhesabiwa gramu 400 za nafaka kwa siku, gramu 60 za mikunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Sisi hatulishi kaya yote kwa kila kitu. Watu wana muhogo kidogo, wana mboga za majani, wana mikono yao. Tunatoa nusu. Nusu hiyo, kwa mwezi mzima, kwa mtu mmoja ni kilo 6 za mahindi, gramu 900 za mbaazi au choroko, na mafuta mililita 400 hivi. Kaya ya watu watano inapata kilo 30 za mahindi, kilo nne na nusu za mikunde, lita 2 za mafuta na nusu kilo ya chumvi.

Kata yenye kaya 40 za namna hiyo kwa miezi mitatu inahitaji kilo 3,600 za mahindi. Ongezeni asilimia 5 ya kupungua kwa kukauka, kuchambuliwa na kumwagika, mnafika karibu kilo 3,800, yaani magunia 38 ya kilo 100. Mikunde ni kilo 540, mafuta lita 240, chumvi kilo 60. Kiasi hiki kinaingia kwenye chumba cha mita 4 kwa 4. Hakihitaji jengo jipya, na tungependa mtu asianze kuchangisha saruji kabla ya kuchangisha mahindi. Chumba kilichopo, kisichovuja, chenye mlango unaofunga na sakafu ya saruji, kinatosha.

Gawio lihesabiwe kwa kichwa, si kwa mlango. Kosa linalorudiwa sana kwenye migao ni kila kaya kupewa mfuko sawa, kwa hoja ya kuepusha maneno. Bibi anayelea wajukuu saba, ambao mama zao wako Dar es Salaam, ana vichwa vinane na anastahili kilo 48. Mzee anayeishi peke yake anastahili 6. Ukiwapa wote 30, umemnyima mmoja na kumpa mwingine cha kuuza. Na kwa kuwa huku kwetu watoto wengi wanakulia kwa bibi na kwa wajomba, msimhesabu mtoto kwa jina la baba kwenye orodha. Mhesabuni pale anapolala na pale anapokula. Mume mwenye wake wawili wenye majiko mawili ni kaya mbili.

Sasa kununua na kukausha. Hapa ndipo tunapohitaji watu wengi zaidi, na hapa ndipo ghala hufia.

Nunueni kwa mizani, kamwe si kwa debe. Debe la kichwa, lililojazwa mpaka kilele, na debe la kukata, lililosawazishwa, hutofautiana kilo kadhaa, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, mnajua wenyewe mambo yake. Mizani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo, na hata hivyo ipimeni kila asubuhi: pimeni ndoo tupu, kisha ijazeni maji lita 20 sawasawa. Uzito uongezeke kilo 20. Ukiongezeka 19 au 21, mizani hiyo haifanyi kazi siku hiyo.

Kwa mbaazi, choroko na ufuta kuna utaratibu wa minada kupitia vyama vya msingi, kwa hiyo kamati izungumze na afisa ushirika kabla ya kununua kwa wingi. Mbaazi zinavunwa Julai mpaka Septemba. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi na bei ikaanguka. Miaka ya namna hiyo ghala la chakula linaweza kumsaidia mkulima kwa mkono mmoja na kaya yenye dhiki kwa mkono mwingine.

Mahindi yakifika, yanaanikwa juu ya turubai, si chini kwenye udongo na si pembeni mwa lami. Unene usizidi sentimita 5, yageuzwe kila baada ya saa moja au mbili, jioni yakusanywe na kufunikwa, maana umande wa usiku unarudisha unyevu mlioutoa mchana. Turubai la mita 4 kwa 6 linabeba takribani kilo 800 kwa unene huo. Tunataka unyevu ushuke mpaka asilimia 13 hivi. Kama afisa kilimo ana kipima unyevu, mwombeni. Kama hana, kipo kipimo cha chumvi.

Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu, yenye kifuniko. Tieni mahindi mpaka theluthi, na vijiko viwili au vitatu vya mezani vya chumvi kavu. Tikiseni dakika moja, acheni itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikishuka yote chini, mahindi yako chini ya hapo. Mambo mawili huharibu kipimo hiki. La kwanza ni chumvi yenyewe: chumvi ya mashamba yetu ya Lindi na Kilwa huwa na majimaji, kwa hiyo ikaangeni kwanza kwenye sufuria kavu na kuiacha ipoe, la sivyo itaganda hata kwenye mahindi makavu. La pili, asilimia 15 bado ni nyingi kwa kuhifadhi. Mahindi yakifaulu mtihani wa chumvi yapeni siku nyingine moja au mbili za jua, kisha tafuneni punje: inatakiwa ipasuke kwa mlio, isibonyee.

Kabla ya kufunga, kuchambua. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani kabisa. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Kwa macho huioni, unachoona ni dalili zake. Mapepeto yaliyochambuliwa yasipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu inapita mpaka kwenye mayai na maziwa; yafukieni. Tunasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu kuna mazoea ya kufikiri kwamba chakula cha kusaidia kinaweza kuwa cha daraja la pili. Mtoto mwenye njaa ini lake halina nguvu ya ziada. Chakula ambacho aliyejitolea asingekipika kwake hakiingii ghalani.

Kwa kuhifadhi tunatumia mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Kila mfuko wa nailoni ujazwe upepo na kubanwa kabla ya kutumika, usikilizwe kama unavuja. Mahindi yajazwe kwa kushindiliwa pembeni ili hewa isibaki, ibakizwe nafasi ya kutosha kusokota, mfuko wa ndani usokotwe, ukunjwe na kufungwa kwa kamba, halafu wa pili, halafu kiroba. Fukusi na dumuzi waliomo wanatumia hewa iliyobaki, kisha wanakufa. Ndiyo maana mfuko haufunguliwi kwa kuchungulia. Kila unapofunguliwa unawapa wadudu pumzi mpya. Na ndiyo maana tunapendekeza mifuko ya kilo 50 badala ya 100: ukifunguliwa siku ya mgao unakwisha siku hiyo hiyo, na kijana anayeubeba haumii mgongo.

Mifuko hii haiponyi mahindi mabichi. Ukifunga mahindi yenye unyevu, baada ya wiki chache unafungua harufu ya ukungu. Panya nao wanatoboa nailoni, basi magunia yakae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani ili mtu apite na fagio, yasizidi manne kwenda juu.

Kuna vidonge vya kufukizia ghala ambavyo vinauzwa madukani kwa urahisi kupita kiasi. Vinatoa gesi ya fosifini, na gesi hiyo inapita kwenye nyufa na kumuua mtu aliyelala chumba cha jirani. Hakuna mtu wa kujitolea atakayevigusa. Ikibidi ghala lifukizwe, ataitwa mtaalamu mwenye kibali kupitia ofisi ya kilimo.

Muhogo tuusemee peke yake, kwa kuwa ndio akiba halisi ya watu wa Newala na Tandahimba, na watu wengi watatuletea makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa, kama mchango. Tunayapokea kwa furaha. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwaka wa ukame sumu inaongezeka hata kwenye shina lile lile mlilolizoea. Kumenya na kuanika juani peke yake kunaacha sehemu kubwa ya sumu ndani. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata ugonjwa wa konzo, mwanzoni mwa miaka ya 2000: mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, na haiponi. Unawapata zaidi watoto na akina mama wa umri wa kuzaa, pale ambapo wiki kwa wiki watu wanakula ugali wa muhogo mchungu usiosindikwa vizuri na hakuna kitoweo. Mwili unahitaji protini ili uishughulikie sumu ile. Ndiyo sababu makopa hayatoki ghalani bila mbaazi, choroko au dagaa. Mtu wa zamu akiona mikunde imekwisha na makopa yapo, asitoe makopa peke yake.

Na kuna njia rahisi ya kupunguza sumu kwenye unga, ambayo kila anayejitolea aijue na kuweza kuionyesha kwa mikono. Tia unga wa muhogo kwenye bakuli, usawazishe, weka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kuongeza maji. Tandaza unga huo mbichi juu ya jamvi au turubai safi, unene usizidi sentimita 1. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama gesi na kwenda zake hewani, kwa hiyo usiufunike na usifanyie ndani ya chumba kilichofungwa. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Kinachoharibu ni kutandaza unene wa vidole vitatu ili kuokoa nafasi, na kuubakiza unga ule mbichi mpaka kesho, ukaota ukungu. Mama mwenye shughuli nyingi ataona saa mbili ni nyingi. Mwelezeni kwamba anaweza kuutandaza kabla ya kwenda kuchota maji, akarudi umekwisha.

Nimetaja maji. Juu ya uwanda wa Makonde kuna vijiji ambako maji yananunuliwa kwa ndoo. Mbaazi kavu zinataka kulowekwa usiku kucha na kuchemka kwa muda mrefu, na bibi wa peke yake hana kuni za kiasi hicho. Kwa wazee na wagonjwa wekeni choroko, zinaiva upesi. Ni jambo dogo la kuandika pembeni ya jina kwenye daftari, na linaamua kama chakula kitapikwa au kitauzwa. Vivyo hivyo fedha ya kusagia. Kaya isiyo na kitu ikipewa kilo 30 za mahindi itauza kilo kadhaa ili isage zilizobaki. Zungumzeni na mwenye mashine mapema, wapeleke wasage bure na ghala limlipe mwisho wa wiki. Kusaga mapema na kutoa unga kunavutia, lakini dona halikai muda mrefu bila kuchacha. Hifadhini punje, sageni karibu na siku ya mgao.

Kuchagua kaya. Orodha ya mtendaji peke yake haitoshi, na orodha ya walengwa wa TASAF peke yake haitoshi. Zote mbili ni mahali pa kuanzia. Kila kitongoji kitoe watu watatu: mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya wa jamii, na mwanamke mmoja anayeaminiwa na majirani. Watatu hao wakikubaliana jina, wawili wa kujitolea wanakwenda nyumbani, mmoja wao lazima awe mwanamke, na wote wawili wasiwe ndugu wa kaya hiyo. Pigeni hodi kama wageni. Msifunue chungu cha mtu. Ulizeni jana mlikula mara ngapi na mlikula nini, chakula kilichopo kitafika lini, ni nini kimeuzwa karibuni, na kama kuna korosho za msimu ujao zilizokwishaahidiwa. Kaya iliyouza jembe au mbegu iko pabaya kuliko iliyouza kuku.

Kuna watu ambao hawatakuja kuomba hata wakizidiwa. Mzee aliyekuwa na heshima zake, mvuvi wa Mikindani ambaye chombo chake kimeharibika, mwalimu mstaafu. Hao mtajulishwa na majirani, na chakula chao kipelekwe jioni kwa bodaboda, mfuko usio na maandishi. Wanaojitolea hawapigi picha za wanaopokea. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, picha ya mtoto wa mtu akipokea unga haina sababu ya kuzunguka kwenye simu za kata nzima. Wafadhili wakitaka ushahidi, waonyesheni leja na magunia.

Mkienda majumbani bebeni utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Ni kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka mitano. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea, utepe usibane wala kulegea. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, mtoto huyo anakwenda zahanati leo hii, na mmoja wenu anamsindikiza. Kati ya 11.5 na 12.5, njano, mhudumu wa afya ajulishwe na kaya iingie kwenye mgao. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili anakwenda zahanati hata kama utepe unasema kijani. Mtoto aliyedhoofika sana hatibiwi na mahindi yetu wala na uji mzito wa mchanganyiko wa nafaka saba. Anahitaji chakula dawa, yaani chakula maalumu cha tiba, na uangalizi, na akilishwa ghafla kwa wingi nyumbani anaweza kupoteza maisha. Na ghala halipokei wala halitoi maziwa ya kopo kwa watoto wachanga. Mama anayenyonyesha ndiye aongezewe chakula.

Siku ya mgao isiwe Ijumaa wala Jumapili wala siku ya gulio. Saa moja na nusu asubuhi mifuko iwe imeshapimwa na kupangwa kwa ukubwa wa kaya, mafuta yawe kwenye chupa, si kumiminwa kutoka dumu mbele ya watu. Chumvi iwe ile yenye madini joto. Viti na kivuli kwa wazee na wajawazito, nao watangulie. Jina, idadi ya vichwa, kilo, sahihi au dole gumba. Kabla ya saa nne watu wawe wamerudi mashambani, kwa sababu ndiyo nia ya kuwapa. Hotuba siku hiyo hakuna. Tunawaomba viongozi wetu mtuelewe: mtu aliyekaa juani kwa muda wa saa tatu akisubiri mgeni rasmi amepoteza palizi ya siku nzima.

Miaka hii Ramadhani inaangukia mwezi wa pili na wa tatu, katikati kabisa ya miezi mizito. Zakatul fitri ina masharti yake, inatolewa kabla ya swala ya Idi na ina wanaostahiki wake. Ghala linaweza kuwaazima mashehe mizani na watu wa kubeba, ila nafaka hiyo isichanganywe na ya ghala, na iwe na ukurasa wake.

Leja. Kila gunia linaloingia linaandikwa tarehe, uzito, lilikotoka. Kila linalotoka, vivyo hivyo. Funguo mbili, kufuli mbili, watu wawili wasiotoka nyumba moja. Kila Jumamosi mtu wa tatu anahesabu magunia na kulinganisha. Mapepeto na kilichomwagika vinapimwa na kuandikwa. Havichukuliwi na mtu, hata kilo moja, hata kwa nia njema. Maghala ya jamii hayafi kwa wizi mkubwa. Mtu mmoja anachota kisado kwa sababu amefanya kazi tangu asubuhi na ana haki ya kuhisi njaa, kesho wanachota watatu, mwezi ukiisha wachangiaji wamenong'onezana na hakuna anayeleta tena. Kwa hiyo tuwe wazi tangu leo: anayejitolea atapata chakula cha mchana siku ya zamu na nauli akitoka kitongoji cha mbali. Ikiwa kaya yake mwenyewe ina dhiki, na wapo, hiyo si aibu. Jina lake litajadiliwa na wengine yeye akiwa hayupo, na atapokea kama kila mtu.

Zamu ni ya muda wa saa nne, mara mbili kwa mwezi. Tunapendelea watu 30 wanaokuja mara mbili kuliko watu watano wanaokuja kila siku. Hao watano tutawachosha kabla ya Oktoba, na korosho zikianza kudondoka hatutawaona. Wanafunzi wanakaribishwa kuchambua na kuandika, si kubeba.

Sasa jambo la kufanya leo. Kwenye meza ile karani anaandika majina kwa vitongoji. Kazi za juma lijalo ni kuziba matundu ya panya kwenye chumba, kufagia na kupiga chokaa, na kutengeneza chaga. Mahindi ya kwanza yanafika Jumatano ya juma linalofuata, kilo 1,500, kwa hiyo tunahitaji watu kumi wa kuanika kila siku kwa zamu mpaka yakauke. Turubai tunalo moja la mita 4 kwa 6. Tunatafuta jingine la ukubwa huo au zaidi, lisilotoboka. Mwenye nalo aandikishe leo, nalo litarudishwa kwake likiwa limefuliwa kabla msimu wa ufuta haujakolea.